Kurasa Mbili Nilizoziruka

Nyumbani kwetu kila mtu ana kazi yake. Mama anapiga pasi nguo za watu. Dada alikuwa anakanda unga kwenye kiwanda cha mikate. Mimi kazi yangu ni kusoma. Msicheke, ni kazi kweli! Miwani ya Mama imepasuka kioo kimoja, fremu imefungwa kwa uzi, na kioo kilichobaki kinamwonyesha makunyanzi ya mashati tu, herufi hazioni. Barua ikija, nasoma mimi. Ujumbe ukiingia kwenye simu, nasoma mimi. Hata shuleni matangazo nayasoma mimi mbele ya wanafunzi wote, sauti juu, bila kigugumizi, ndiyo maana mtaa mzima unaniita Redio. Na sifa nazipenda, nisiwadanganye.

Dada alikuwa na miaka kumi na tisa na hamu moja tu: kuwa fundi miwani.

"Mama, nitakukatia vioo viwili vizima," alikuwa akisema, "uone mpaka vumbi la dari ya jirani."

"Hilo vumbi sitaki kuliona," Mama anajibu, "nitaambiwa nikafagie."

Aliomba nafasi chuo cha serikali, akaambiwa wamejaa, asubiri. Akasubiri mwaka mzima. Ndipo chuo kimoja cha binafsi kikampa mkataba wa kujiunga, kurasa nne, juu yake picha ya kijana mwenye koti jeupe. Akaambiwa aurudishe kesho yake, nafasi zinakwisha.

Mchana huo Dada alipitia nyumbani mbio, unga umemjaa mpaka masikioni. Akaweka mkataba mezani, na juu yake penseli iliyochongwa vizuri.

"Redio, mimi narudi kazini, nina zamu ya pili. Soma kurasa zote nne, polepole. Usipopaelewa mahali, piga mstari. Kesho nitawauliza wenyewe kabla sijatia sahihi."

"Zote nne?"

"Zote. Nakuamini, mdogo wangu."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa mtamu: kozi ya miwani, mashine mpya, walimu hodari. Wa pili nao ukapita. Wa tatu, lo! Herufi ndogo kama sisimizi, na maneno kama "bila kuathiri masharti yaliyotangulia". Niliusoma mstari huo mara tatu, nikaambulia kichwa kuuma. Nje wenzangu walikuwa wanaruka kamba, wananiita. Nikasema nitamalizia baadaye, nikatoka. Baadaye yenyewe sikuifikia.

Dada aliporudi aliuliza, "Umesoma zote?"

"Zote."

"Mbona hakuna hata mstari mmoja?"

"Nimeelewa kila kitu."

Ningeanzaje kusema sielewi, mimi Redio? Dada akafunua kurasa zile safi, akanipiga kofi la mgongoni kwa furaha. "Una kichwa wewe!" Kesho yake akatia sahihi, na cheti chake halisi cha shule akakiacha chuoni kama alivyoambiwa.

Siku ya kwanza ya masomo alirudi kabla ya saa sita. Blauzi aliyopigiwa pasi na Mama ilikuwa bado haijakunjamana.

"Kozi ya miwani haipo," alisema. "Tulijitokeza saba tu. Wamenihamishia kozi ya mapokezi. Nitafundishwa kupokea simu."

"Si uwaambie hukuomba hiyo?" Mama akauliza.

"Niliwaambia, Mama. Wakanifungulia ukurasa wa tatu. Imeandikwa kozi isipopata wanafunzi ishirini, wanakuhamisha bila kukuuliza."

Mimi nilijitia nafunga kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe hakikuwa na kamba.

Wiki hiyohiyo ikaja barua ya chuo cha serikali. Nafasi imepatikana, Dada afike Ijumaa na cheti chake halisi. Niliisoma kwa sauti, Dada akanishika mikono tukacheza mpaka sufuria zikatikisika. Kisha akasimama ghafla.

"Cheti kiko kule."

Tulikwenda wote watatu. Msajili wa chuo alikuwa mama mpole, akatukaribisha viti. Dada alimweleza, akamsihi, akapiga magoti. Yule mama akatoa mkataba kabatini, akaniona nimekodoa macho.

"Mtoto, unajua kusoma? Wasomee. Ukurasa wa nne, chini."

Nikasoma: "Cheti halisi cha mwanafunzi kitabaki chuoni mpaka atakapomaliza miaka miwili ya masomo, hata akiacha au kuhamishwa kozi."

Nilijikwaa mara mbili. Dada akageuka akanitazama.

"Redio, mbona unasoma kama ndiyo mara ya kwanza?"

Machozi yakanitoka. "Ndiyo mara ya kwanza, Dada."

Alhamisi tulikwenda kwa afisa elimu. Alisoma kurasa zote, akapumua kwa nguvu. Alisema huo mkataba ni wa kinyonyaji, ataandika barua, lakini majibu huchukua miezi, na Dada ni mtu mzima, ametia sahihi mwenyewe. Ijumaa ikaja, ikapita. Nafasi akapewa mwingine.

Dada hakunipiga wala hakunigombeza. Heri angenipiga!

"Sahihi ni yangu," aliniambia. "Ningeweza kuusoma mwenyewe, hata kwa kusinzia. Hilo nalibeba mimi. Lakini uongo ni wako, na huo siwezi kukubebea."

Jumatatu iliyofuata binti wa fundi viatu, jirani yetu, aliingia na karatasi mkononi. Zilikuwa kurasa nne, na picha ya yule kijana wa koti jeupe.

"Nimekuja mnitazamie," alisema. "Kesho natakiwa kuurudisha."

Dada akachukua penseli ileile, akaiweka mbele yangu. Nikasoma tangu herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, na kila nilipokwama nikasema waziwazi, "Hapa sielewi," nikapiga mstari. Mashavu yaliniwaka kwa aibu. Tulipomaliza, ukurasa wa tatu na wa nne ulikuwa mistari mitupu. Binti akaenda kuwauliza. Walimjibu kwamba maswali mengi hayana maana, nafasi zinakwisha. Akarudi na cheti chake kwapani, mkataba hakuutia sahihi.

"Umeona?" Mama aliniambia, pasi mkononi. "Neno 'sielewi' halijamuua mtu. Ungelisema siku ile, dada yako angekuwa anakata vioo leo. Karatasi ya kutiwa sahihi husomwa mpaka mwisho, na isiyoeleweka huulizwa. Wakikataa kukujibu, chukua cheti chako urudi nyumbani. Na ukiambiwa soma, mwanangu, soma. Hukusoma, sema hukusoma."

"Nimekusikia, Mama."

Dada alikuwa mlangoni, amevaa sare ya chuo. Alitoka shingo upande kwenda kujifunza kupokea simu, na bado miaka miwili. Mama akavua miwani yake, akakaza ule uzi, akaendelea kupiga pasi.