Sungura Waliongoja Konsolata Aonje

Konsolata alidhani ni baridi tu. Asubuhi ya Makambako hata binadamu hatamani kunywa kitu cha baridi, sembuse sungura. Lakini sungura wa upande wa maji matupu walikunywa kama kawaida. Waliogoma ni wa upande wa dawa. Walikaa kimya mbele ya vikopo, wakimtazama yeye usoni.

Enzi hizo biashara ndiyo kwanza imeachiwa huru, na kila mwenye lori alitaka awe na kiwanda. Bashiru naye, badala ya kutulia na mahindi yake, akaibuka na dawa ya mzizi uliochimbwa kwenye msitu wa matambiko, huko Mlangali. Aliuchimba bila kuomba kwa wenyewe, maana yeye bwana ni mtu wa mjini, hana muda wa mambo hayo. Wakubwa wa serikali wakamwambia wanyama wainywe kwanza mwaka mzima, tena wazae, ndipo auze. Akamwajiri Konsolata, aliyefundishwa ufugaji na masista wa Njombe. Alikuwa mjamzito. Mimba za nyuma zote zilimharibikia, na hii ndiyo ya kwanza kufika mbali.

Basi akafanya ambalo mtu wa kwao hulifanya bila kufikiri. Kwao, anayemkaribisha mgeni ulanzi hupiga funda la kwanza mwenyewe, mgeni aone hakuna sumu. Akanyanyua kikopo, akaonja. Ilikuwa chungu, yenye harufu ya udongo wa kaburi jipya. Sungura wakainama, wakanywa wote kwa pamoja.

Ikawa ndiyo kazi. Asipoonja, hawanywi, na wasipokunywa, Bashiru hana haja naye. Alijiambia tone moja halimdhuru mtu. Masikini, angejua.

Sungura wakazaa. Vitoto vya sungura huzaliwa vimefumba macho, lakini hivi vilizaliwa vikiangaza macho, na jioni, upepo ukitikisa mabati ya banda, vilianza kusaga meno kwa mpigo mmoja, polepole, kisha haraka, na Konsolata aliposhika tumbo lake akausikia mpigo uleule ukigonga kutoka ndani, na ile harufu ya udongo ikampanda kooni kana kwamba yeye ndiye anayechimbwa.

Bashiru alipoambiwa alichekelea. Hakuna aliyekufa wala kuugua, akasema, dawa imefaulu. Odilo, mume wa Konsolata, hakubishana naye. Alipanda lori hadi Mlangali, akarudi na mzee Benno, mganga wa kule ulikotoka mzizi.

Mzee akafukiza banda, akanuiza maneno yake ya kumtoa jini wa mzizi. Sungura wa dawa na vitoto vyao wakalala ubavu, mmoja baada ya mwingine, wakafa. Meno yakanyamaza.

"Jini ametoka?" Konsolata akanong'ona.

"Kwa hawa ametoka, mwanangu. Hawa walinyweshwa tu. Wewe ulimwonjea. Ulimkaribisha mwenyewe."

"Mtoe, babu. Mtoto wangu huyu. Sina mwingine."

Mzee Benno akaweka kiganja tumboni, akakiondoa upesi. Uso ulimsawajika. Mzee yule, ambaye Mlangali nzima ilimwamkia yeye, akavua kofia, akapiga goti kwenye sakafu ya banda, akasema kwa sauti ndogo:

"Shikamoo."

Odilo alidhani mzee amechanganyikiwa. Kisha, kutoka chini ya kitenge cha mkewe, sauti nzito ya kizee ikaitikia:

"Marahaba."