Gambuti Namba Hamsini

“Dada, gambuti namba hamsini mnazo?”

Limi alibana simu begani, akataka kucheka. Miaka minne anauza vifaa vya wachimbaji dukani kwa Lataben, hapa Nyasubi, na hajawahi kuuza zaidi ya arobaini na nane.

“Mama, huo ni mguu au mtumbwi?”

“Mguu, mwanangu. Naitwa Eufrasia, nina karasha huku Geita, nasaga mawe ya dhahabu. Kuna kijana wangu wa kazi anashinda na kandambili, mawe yatammaliza. Nimemchora mguu kwenye boksi, nakutumia picha.”

Picha ikaingia, kicheko kikakauka. Ulikuwa mguu wa kushoto, na kidole gumba kilikuwa kifupi kuliko cha pili, hakina ncha.

Kidole kile Limi alikijua. Kilikatwa na plau, mwenyewe akiwa na miaka kumi, anaongoza ng'ombe wa kulimia kwa baba yake. Na mwenyewe ni Masalu, mchumba wake Limi, mcheza kikapu wa kulipwa, ambaye muda ule alitakiwa awe Romania.

Akamwandikia palepale: “Uko wapi mpenzi?”

Jibu likaja kwa namba ileile ya Romania: “Mazoezini, mke wangu. Kocha hataki simu. Baridi ya huku usiseme!” Na picha juu yake: Masalu kwenye theluji, kofia hadi masikioni.

“Mama Vipul, hebu ona hii.”

Lataben, mwenye duka, akavaa miwani. “Ya leo?”

“Katuma sasa hivi.”

“Limi, huu mwezi wa saba. Ndugu zangu wako Ulaya, wanalala madirisha wazi kwa joto. Huyu theluji katoa wapi, kwenye friji?”

Limi akakaa juu ya katoni. Jumamosi wazee wa akina Masalu wanaleta ng'ombe wa mahari kwao Samuye. Bwana harusi mwenyewe alishasema hatakuwepo, yuko kambini na timu. Sasa wanamwoza kwa nani? Na huyo Eufrasia anayeshika miguu ya wanaume na kuichora, ni bosi tu, au kuna jambo? Akawaza hili, akawaza lile, hakuna lililokaa.

Kesho yake, Alhamisi, alipanda basi la Geita na pea kubwa kuliko zote dukani.

Karasha lilikuwa linanguruma mpaka meno yanacheza. Eufrasia alikuwa bibi wa miaka sitini hivi, kajifunga kanga puani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Ndiyo wewe wa gambuti? Si ungempa kondakta tu!”

“Nilitaka kumwona mwenye mguu.”

“Yule pale. Shimoni hafai kwa urefu huo, kichwa kitagonga magogo yote ya dari. Ila hapa anamimina mawe kwenye karasha bila kupanda ngazi.”

Masalu akageuka, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi kope. Karai likamponyoka.

“Limi?”

“Eeh. Naona leo theluji imeanguka Geita.”

“Nisikilize kwanza...”

“Huyu mama ni nani kwako?”

“Bosi wangu. Haki ya Mungu, bosi tu.”

“Na Romania?”

“Walinitema. Goti lilipasuka mwezi wa kumi na moja, wakanitibu, mwezi wa pili wakasema halitarudi. Wakanipa pole na tiketi. Mikataba yetu ni msimu mmoja mmoja, Limi. Ilikuwa hivyo Ureno, ikawa hivyo Poland. Miaka sita nafunga begi sijui nitalifungulia nchi gani.”

“Na namba ya simu?”

“WhatsApp haijui mtu yuko wapi.”

“Mimi kila Jumapili naombea timu yako kanisani, kumbe huchezi! Mwezi wa tatu ukaniambia umefunga pointi ishirini na mbili. Nikamwambia baba, baba akatangaza Samuye nzima!”

“Hapo ndipo nilipokwama. Kila nikitaka kusema, nasikia mzee wako kanisifia kwa mtu mwingine. Nikaona nioe kwanza, nitakueleza baadaye.”

“Yaani niolewe na mtu ambaye hayupo?”

Limi akampiga na gambuti kifuani, akampiga na la pili, kisha akalia. Alimpenda yule mwanaume, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Hata katikati ya kilio alimwona anasimama kwa mguu mmoja kuukwepesha mwingine, akamwonea huruma, akajichukia kwa kumwonea huruma.

“Ng'ombe umewatoa wapi?”

“Niliwanunua nikiwa Poland. Wako kwa baba. Hao si uongo.”

“Jumamosi nani anawaswaga?”

“Wadogo zangu. Mimi si niko... kambini.”

“Utawaswaga wewe. Njia nzima, kila mtu akuone. Na baba utamwambia kwa mdomo wako. La sivyo, lango nalifunga mwenyewe.”

“Atanifukuza mbele za watu, Limi.”

“Inawezekana. Na mimi hata sijui nitakuwa upande gani.”

Jumamosi asubuhi, watu wamejaa kwa Mzee Mageni, baba yake Limi. Vumbi likaonekana njiani, kisha pembe, kisha kichwa kimoja kirefu kuliko vyote. Gambuti hazikumtosha. Alikuwa amezikata mbele, vidole vimechungulia nje.

“Mwangaluka, baba,” Masalu akasalimia.

“Masalu? Si uko kambini?”

“Hakuna kambi, baba. Nilirudi mwezi wa pili. Goti limekufa, timu imenitema, niko Geita nasaga mawe. Na zile pointi ishirini na mbili nilidanganya.”

Mzee Mageni akamtazama kuanzia kichwani, akashuka taratibu hadi kwenye vidole.

“Kwa hiyo mimi nimewadanganya watu wote hawa?”

“Mimi ndiye niliyewadanganya, baba.”

“Na hilo goti umekuja nalo kwa miguu?”

“Kwa miguu. Tangu saa kumi na moja.”

Mzee akageuka. “Limi! Ulikuwa unajua?”

“Tangu Jumatano, baba.”

“Na bado unamtaka?”

Macho yote yakamhamia. Siku tatu alikuwa anajiuliza swali hilohilo, asubuhi anasema ndiyo, jioni anasema hapana. Sasa maneno yakatoka yenyewe.

“Namtaka, baba. Ila simwamini.”

Mzee Mageni akacheka kwa pua.

“Mama yako alinichukua hivyohivyo, haniamini. Fungueni lango!”

Ng'ombe wakaingia, vigelegele vikapigwa. Masalu aliingia wa mwisho, akiinama kupita, akichechemea. Limi akamsogelea.

“Linauma?”

“Linauma sana.”

“Hilo nakuamini,” akasema, akampa bega aegemee.