Sabufa ya Pili ya Éliakim

Jirani zangu, sikieni habari ya nyumba moja ya Bungulu, hapa Beni. Kila Jumapili baada ya ibada, Éliakim, mwalimu wa kwaya, alifungulia nyimbo sebuleni. Mama yake mzee, Bénite, alikuwa na kitanda chake pembeni mle mle, akichambua maharage na kuitikia. Miguu yake ilikuwa imechoka, sauti bado.

Kero ilianzia kwenye besi. Sabufa, ile spika ya besi, ilikuwa moja. Kwenye kiti cha Éliakim ilinguruma vizuri, karibu na mlango ikapotea kabisa. Fundi akamshauri anunue ya pili, aiweke pembe ya upande wa pili. Na pembe hiyo, jirani zangu, ndiyo ya kitanda cha mama.

“Moja inatosha,” mke wake Jokébed alimwambia. “Uisogeze tu ku ukuta ingine, usikilize.”

“Mais minataka besi ifike kila pembe!”

Bénite akawakatiza. “Muache kugombana, batoto. Mi nitalala kule nyuma, karibu na jikoni.”

Laiti Éliakim angekataa! Alishukuru, akabeba godoro mwenyewe.

Besi ikajaa chumba hata vioo vikatetemeka, na Éliakim alifurahi kweli, tusimnyime haki yake. Jumapili moja mchana, Jokébed akiwa bado kanisani, cheche ya makaa iliruka jikoni ikashika gunia. Bénite alimwita mwanawe. Akaita tena. Majirani walipoona moshi, walifanya kama tufanyavyo Beni hatari ikija: walipiga masufuria na filimbi, mtaa mzima ukatoka mbio. Aliyekosa kusikia alikuwa mmoja tu, amefumba macho kitini, anaonja besi.

Majirani walimtoa mama, miguu imeungua. Éliakim alimkuta uani mikononi mwa watu wengine, akalia kama mtoto.

Bénite alipopata nafuu, binti yake Ornella alikuja kumchukua akaishi naye Butembo. Éliakim alikuwa amekwisha kuziondoa sabufa zote mbili na kurudisha kitanda. Akapiga magoti, akamsihi abaki.

“Mutoto wangu, sina kasirani,” Bénite alisema, akimpapasa kichwa. “Mais kule Butembo, nikiita, banaitika.”

Mafunzo

Starehe si dhambi, na besi nzuri hufurahisha moyo. Lakini usiipe nafasi ya mzazi wako. Mzee akikuambia “nitalala nyuma,” anasema hivyo kwa kuwa anakupenda. Nawe ukimpenda, mkatalie.