Mume Wangu Aliniacha Kituo cha Mafuta, Akafika Kambini na "Mke Wake"

Nilitoka chooni nikakuta mume wangu kaondoka.

Kaondoka na gari, na kitanda, na jiko, na viatu vyangu vyote. Maana gari letu ndilo nyumba yenyewe: mbele usukani, katikati meza na jiko, nyuma kabisa kitanda chenye pazia. Nililiona mgongo tu, linapanda barabara ya mlimani taratibu, indiketa inawaka... likakata kona, basi.

Nimesimama pale kwenye pampu na yeboyebo miguuni, kaptura ya kulalia, na fulana kuukuu ya mume wangu Verlyn yenye picha ya samaki. Simu iko kitandani. Pochi iko kitandani.

Na sikuhisi kitu, ndugu zangu.

Sikupiga kelele wala sikukimbia. Nililitazama gari mpaka likapotea, nikasema moyoni, haya, ndiyo hivyo.

Ngoja niwaeleze vizuri msije mkanidhania mwendawazimu.

Naitwa Marlys. Verlyn ni mume wangu wa ujana. Kwetu ni Dakota ya Kaskazini, Marekani, huko ambako maziwa yanaganda majira ya baridi mpaka watu wanaendesha magari juu yake, wanatoboa barafu na kuvua samaki. Mwezi wa tatu mwaka huu mwanetu wa pekee, Tanner, aliingia ziwani na gari lake. Barafu ikakatika.

Tangu tumzike, niliacha kuongea. Sikuwa nimesusa, jamani. Maneno ya lazima yalitoka, chumvi iko wapi, mlango umefunga, lakini mengine yote yaligoma.

Na kulikuwa na sababu ambayo sikumwambia mtu.

Asubuhi ile Tanner alinipigia kabla hajaingia ziwani. Nikamwambia mwanangu, jua limeanza kuwa kali, achana na ziwa. Akacheka tu.

"Mama, tulia. Baba kasema barafu bado inabeba gari."

Baba kasema.

Mimi nilikuwa nalijua hilo, na Verlyn hakujua kwamba nalijua. Hakuwahi kuniambia, nami sikuwahi kumuuliza. Niliogopa nikifungua mdomo kuomba hata kahawa, litaponyoka lile neno, na likishatoka, ndoa ya miaka thelathini imekwisha hapo hapo jikoni. Mtoto nilishampoteza. Mume nilitaka anibakie, hata kama ni kwa kunyamaza. Nikafunga mdomo.

Kiangazi kilipofika, Verlyn akalitoa gari-nyumba letu ghalani, akalijaza upepo matairi, akasema twende Wyoming, milima ya Bighorn, hewa ya kule itatusaidia. Nikaitikia kwa kichwa. Akaongea njia nzima, yeye na redio. Mimi nyuma, nimelala, pazia limefungwa.

Sasa hapo kwenye choo. Wenye magari haya watanielewa.

Choo kimo ndani, kizuri tu. Lakini tangi lake lazima mtu alimwage kwa bomba, na mtu huyo huwa ni mume. Kwa hiyo Verlyn ana sheria yake: choo cha gari ni cha dharura, ukiona kituo cha mafuta, shuka. Siku hiyo alikuwa bize kukwangua wadudu kwenye kioo cha mbele. Nikashuka kwa mlango wa ubavuni bila kumuaga, maana kuaga nako ni maneno, na mimi sikuwa nayo.

Basi ndiyo nikabaki pale kama mzigo uliosahaulika.

Muuzaji wa kituo alikuwa mama mmoja anaitwa Trudy, nywele kazipaka rangi ya karoti, sauti imekauka kwa sigara. Alitoka nje akaniuliza kama nimepotelewa na mbwa.

"Mume," nikasema.

Akanikagua kuanzia yeboyebo mpaka nywele. "Kafa au kakimbia?"

"Kaondoka na gari."

"Basi kakimbia. Ingia ndani, dada, jua hili litakuunguza bure."

Akanipa kiti nyuma ya kaunta na kikombe cha kahawa. Akaniomba namba ya Verlyn, na hapo ndipo nilipogundua siijui, iko kwenye simu, na simu iko mlimani. Hata yangu mwenyewe sikuwahi kuikariri. Namba pekee iliyokaa kichwani ni ya nyumbani, na nyumbani hakuna mtu. Trudy akanituliza. Akasema wanaume wa magari hayo husahau wake zao vituoni kila kiangazi, na wengi wao hurudi fasta, nyuso zimewapauka. Wake wanapanda huku wanatukana, maisha yanaendelea.

Tukasubiri. Kila gari-nyumba lililoshuka mlimani, Trudy alinyanyuka kuchungulia dirishani. Mimi hata sikunyanyuka.

Wateja waliingia, wakanunua barafu na soda, wakanitazama miguu, wakatoka. Trudy akanisimulia waume zake wote watatu. Wa kwanza mlevi, wa mwisho mchoyo, na wa kati alienda kununua betri ya gari, hajarudi hadi leo. Alikuwa anataka nicheke. Nilijaribu, aisee. Uso haukukubali.

Jua likaanza kuinamia milima. Verlyn hajarudi.

Ndipo Trudy akauliza leo tulikuwa tunalala wapi. Hilo nililijua: kuna kambi upande wa pili wa mlima, kando ya mto, tulishaweka nafasi. Akatafuta namba, akapiga, akaongeza sauti nami nisikie. Akapokea mzee mwangalizi wa kambi, mchangamfu kweli.

"Verlyn? Kafika zamani. Yeye na mkewe."

Trudy akanitazama. Mimi nikatazama kikombe.

"Na mkewe?" akauliza polepole.

"Eeh. Mama kachoka, kalala huko nyuma. Mzee kaniomba niwaambie majirani wapunguze muziki. Hata kuegesha, mimi ndiye niliyesimama nyuma kumwelekeza kwa mikono, maana hakutaka kumwamsha. Mwanaume anayempenda mkewe namna hii, siku hizi humpati."

Trudy akakata simu bila kuaga.

Wewe unayesoma hapa, hebu niambie ungefanyaje... Mke wa Verlyn ni mimi. Mimi niko kwa Trudy, nanywa kahawa iliyopoa. Huyo aliyelala kitandani kwangu, juu ya shuka nilizozitandika kwa mkono wangu, ni nani?

Nilitafuta hasira. Nilipekua kila kona ya kifua, sikuipata. Wivu nao haukuwepo. Nilichokipata ni wazo moja, limetulia kabisa: kumbe ndoa inaweza kufa hata bila mimi kulitamka lile neno. Nimeuma meno bure miezi yote hii.

Trudy alishageuza kibao cha mlangoni kionyeshe pamefungwa, na kuchukua funguo.

"Inuka, dada. Tunakwenda kufumania."

Pikapu yake ilinuka sigara na mbwa. Njia nzima akawa ananifundisha. Usilie mbele yake. Chukua funguo kwanza, maneno baadaye. Mwanamke usimguse, mwenye kiapo na wewe ni mume. Tukapanda kona baada ya kona, miti ikapungua, theluji ya mwaka jana bado imejificha kwenye mabonde. Zamani ningesema simamisha nipige picha. Niliitazama tu kama mtu anayetazama televisheni iliyozimwa sauti.

Kule juu kabisa Trudy akaniuliza kama nina watoto.

"Nilikuwa naye mmoja."

Akazima sigara.

Tulifika kambini watu wanachoma nyama, moshi umetanda kwenye misonobari. Trudy akaegesha mbali ili tusisikike. Kutoka nyuma ya kiti akachomoa spana ya magurudumu. Nikamwambia hiyo iache, akasema si ya kupigia, ni ya kushikilia tu. Tukazunguka taratibu kwa nyuma ya gari letu.

Verlyn alikuwa amekaa nje, katupa mgongo, uso anaelekea mlango wa ubavuni ulioachwa wazi. Kumewekwa viti viwili na sahani mbili. Yake ina soseji, viazi na hindi la kuchoma, hajagusa. Ya pili kaifunika kwa karatasi ya foili isipoe.

Na alikuwa anaongea na mtu aliyemo ndani.

Spana ya Trudy ikapanda. Nikamshika mkono.

"...Sikulaumu," Verlyn alikuwa anasema. "Nilipokwambia kule juu mlimani ukanyamaza, nikajua jibu lako. Hata pazia sijathubutu kulifungua, naogopa kuuona uso wako. Lakini ule basi kidogo, Marlys. Hujala tangu asubuhi."

Marlys.

Nikachungulia dirishani. Nyuma ya pazia hapakuwa na mtu. Blanketi langu na mito imejikusanya vile vile nilivyoiacha, na simu yangu juu yake.

Hapakuwa na mwanamke mwingine, jamani. Mke aliyefika naye kambini ni mimi. Amevuka mlima mzima anaongea na kitanda kitupu, na hakushtuka hata mara moja, kwa sababu kitanda kitupu kilimjibu sawasawa na ninavyomjibu mimi.

Kuachwa hakukuniuma. Habari ya "mke" haikuniuma. Hilo liliniuma.

Trudy akashusha spana. Akasema "Mungu wangu" kwa sauti ndogo, akarudi kwenye pikapu yake.

"Verlyn," nikaita.

"Eeh, mpenzi." Alisimama haraka, uso umefunguka, akaweka mguu kwenye ngazi ya kuingia ndani. Alikuwa anaitikia pazia.

"Niko huku."

Akageuka. Akanitazama mimi, akautazama mlango, akanitazama tena. Yeboyebo zimejaa vumbi.

"Umetokea wapi?"

"Kituo cha mafuta."

"Tangu kituo cha mafuta?"

"Tangu kituo cha mafuta."

Akakaa. Nilimwona anaurudia mlima mzima kichwani, kona moja moja, kila alichokisema. Akaibana mikono katikati ya magoti.

"Kwa hiyo hukusikia," akasema.

"Sikusikia. Sema tena."

Akatikisa kichwa. Mwanaume huyu ilimchukua tangu mwezi wa tatu kuliambia pazia, sasa namwambia aliseme kwa macho makavu, mbele yangu. Ningeweza kumwokoa. Ningesema tu "najua", angepumua. Sikumwokoa. Nilitaka nilisikie kwake.

Majirani walikuwa wanacheka kwenye jiko lao la mkaa. Yeye akaitazama ile sahani iliyofunikwa.

"Ni mimi niliyemwambia Tanner barafu bado inabeba gari."

"Najua," nikasema. "Alinipigia asubuhi ile. Alisema baba kasema."

Akainua uso. "Umejua muda wote huu?"

"Muda wote."

"Na ukalala kitanda kimoja na mimi."

"Nilinyamaza ili niweze kulala kitanda kimoja na wewe."

Hapo ndipo lile neno likapanda. Lilifika mpaka kwenye ulimi, na safari hii sikulimeza.

"Ulikosea, Verlyn. Ulikosea, na mwanangu akafa."

Nilidhani likitoka, mbingu itaanguka, naye atanyanyuka aondoke kweli. Alibaki amekaa. Machozi yalikuwa yanamtiririka wala hayafuti.

"Ndiyo," akasema. "Nilikosea."

Na mimi nikalia. Sikulia hospitali, sikulia makaburini, nikaja kulia kambini na fulana ya samaki mbele ya watu wanaochoma nyama. Unajua mguu ukifa ganzi hauumi, unaanza kuuma damu inaporudi. Ndivyo ilivyoniuma, kifua kizima. Verlyn hakunikumbatia, na alifanya vizuri. Alinivutia kiti, akafunua ile sahani, akaniwekea mbele. Nikala soseji iliyopoa huku nalia. Trudy naye alipelekewa sahani ya Verlyn, akala kwenye pikapu yake, akapiga honi kutuaga, akaenda zake.

Sitawadanganya kwamba tumepona. Kuna asubuhi nikimtazama naiona ile barafu, naye anajua kwamba naiona. Tunagombana siku hizi, tena tunagombana kwelikweli, mpaka watu wa kambini wanageuka kututazama. Lakini safari iliyobaki sikulala nyuma. Nilikaa kiti cha mbele.

Wewe ambaye mwenzako amenyamaza miezi, usijipe moyo kwamba hana neno. Simamisha gari, fungua pazia, hakikisha kama yumo.

Na wewe unayenyamaza ili kulinda nyumba yako, nakusihi, sema hata kama ni kwa tusi. Mimi nilikosekana kwenye gari mlima mzima, na mwanaume anayenipenda kuliko watu wote duniani hakujua kama sipo.