Lorraine na Kamba ya Kengele

Kila jioni Lorraine alivuta kamba. Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya tano, huko Kware, na magoti ya Shosho, bibi yake, hayakupenda ngazi. Chini, muuza mboga alitia nyanya na sukuma wiki kwenye ndoo ndogo iliyofungwa kwenye kamba hiyo, kisha akaita, "Vuta, mama!" Lorraine akavuta, mkono baada ya mkono.

"Ukiishika usiiachilie," Shosho alimwonya kila mara. "Kuna vichwa vya watu huko chini."

Ijumaa moja, darasa lao lilitembelea kanisa kuu la mawe mjini, lililojengwa na Waingereza zamani. Jua lilipenya vioo vya rangi na kumwaga nyekundu na buluu sakafuni. Watoto wakazikanyaga rangi hizo wakicheka kwa sauti ya chini.

Mzee Luseno, mpiga kengele, aliwaingiza kwenye chumba cha chini cha mnara. Kamba nene ilining'inia katikati.

"Kengele hii huwaambia watu kuna ibada, arusi au msiba," alisema. "Kwa hivyo kamba haiguswi."

"Tukifika juu tutaona Mukuru?" Owen aliuliza. Mama yake alifanya kazi kiwandani huko, na wiki nzima alikuwa ameapa kwamba ataliona paa la kiwanda hicho.

"Ukiwa na macho mazuri."

Wenzao walipoanza kupanda ngazi, Lorraine alibaki nyuma. Kidogo tu, akawaza. Akaishika kamba, akaivuta kama anavyovuta ndoo.

Ngoooo!

Kamba ikapanda juu kwa nguvu. Lorraine, alivyofunzwa na Shosho, hakuiachilia. Miguu ikaacha sakafu! Akaning'inia hewani, kisha akaanguka kitako.

Owen, aliyekuwa wa mwisho ngazini, alirudi mbio. "Lorraine! Umepaa!" Akaidaka kamba ili isiendelee kuyumba.

Wakati huohuo Mwalimu Asenath akatokea. "Owen! Wewe tena! Basi huendi juu. Kaa hapo kwenye benchi."

Owen alimtazama Lorraine, akakaa bila neno.

Lorraine alipanda ngazi nyuma ya mwalimu. Huko juu watoto walikuwa wakipiga kelele, "Naona viwanda! Naona mpaka kwetu!" Kila kelele ilimchoma. Alijua akisema, benchi litakuwa lake. Hata hivyo akasimama.

"Mwalimu, ni mimi niliyevuta. Owen aliishika kamba ili itulie."

Mwalimu akashuka naye hadi kwenye benchi. "Owen, nisamehe. Mbona hukusema?"

"Alikuwa ameshaanguka, Mwalimu. Nikaona hiyo inamtosha."

Mzee Luseno, aliyekuwa ameshuka nyuma yao, akacheka mpaka akafuta macho. Lakini mlangoni alikuwa amesimama mama muuza ndizi, kikapu mkononi. "Mzee, nani amefariki?"

"Mweleze wewe," Mzee Luseno akamwambia Lorraine.

Lorraine akaeleza jinsi alivyoivuta kamba kama ndoo yao ya mboga, akaomba radhi. Yule mama akashusha pumzi. "Afadhali! Nilikuwa nimeshaanza kumlilia padri," akasema, akampa ndizi.

Saa sita ilipokaribia, muda wa ibada ya mchana, Mzee Luseno aliwaita Lorraine na Owen. "Kengele si ndoo ya mboga. Vuta, kisha iachie kamba ipande yenyewe." Wakavuta pamoja, wakaachia, wakavuta tena. Mnara wote ukaimba. Kisha Mwalimu Asenath akawapandisha wote wawili hadi juu.

"Lile pale, la buluu!" Owen akapaza sauti. "Mama! Mama!" Akapunga mikono yote miwili, kana kwamba mama yake angemwona.

Jioni, Lorraine alimsimulia Shosho yote, hata kule kuanguka. Shosho alicheka, kisha akamvuta karibu.

"Mjukuu wangu, kosa unalolificha ni kama kamba ile ya kengele. Ukizidi kuling'ang'ania linakupandisha juu, na kuanguka kunazidi kuuma. Umefanya vyema kuachilia mapema." Akafunga chapati mbili kwenye karatasi. "Hizi ni za Owen. Mtoto anayenyamaza ili mwenzake asiaibike, huyo ni rafiki. Mpelekee zikiwa moto."