Kasha la Mininga

Alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kelele zake, Chapuchapu alikuwa tayari kwenye foleni ya bombani na ndoo zake mbili. Jina hilo alibandikwa na baba yake, kwa sababu tangu utotoni alifanya kila jambo mbiombio. Alikula mbiombio, akaoga mbiombio, na zaidi ya mara moja alifika shuleni amevaa sweta nje ndani. Lakini tangu mama yake ajifungue mapacha, jina hilo lilikuwa limeanza kumpwaya. Siku hizi msichana huyo alitembea akijikokota, na mwalimu wa darasa la sita alishamkuta mara kadhaa ameegemea dawati huku amefumba macho.

Si kwamba alikuwa mvivu, la hasha. Kulikuwa na maji ya kuogeshea watoto, maji ya kupikia, na maji ya kufulia nepi zisizokwisha. Pacha mmoja akilala, mwenzake aliamka, kana kwamba wamepangiana zamu ya kulia. Macho ya mama yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Baba, ambaye ni seremala, aliondoka mapema na kurudi jioni na vumbi la mbao kichwani, akaketi kwenye kigoda, na mara nyingi akasinzia hapohapo sahani ikiwa mkononi. Nyumba nzima ilikuwa imechoka.

Juu ya hayo yote, nyuma ya nyumba palikuwa na kasha.

Kasha lenyewe alilitengeneza baba kwa vipande vya mbao vilivyobaki karakana. Ndani yake ilipangwa miche michanga ya mninga, kila mche katika kiriba chake, yaani kile kifuko cheusi cha plastiki cha kuoteshea miti. Miche hiyo ilikuwa mali ya kikundi cha kitalu kilichokutana kila Jumamosi karibu na mto. Kikundi kiliotesha miti ya asili tu, ile iliyokuwa imejaa pale zamani kabla ya kumalizwa na shoka na tanuri za mkaa. Walitaka kuipanda ukingoni mwa mto, ambako kila masika maji yalimega udongo na kwenda nao.

Kiongozi wao alikuwa Bibi Muuguzi, mstaafu wa hospitali aliyeitunza mimea kama wagonjwa wa wodini. Akiona jani limejikunja husema, "Huyu ana homa." Akiona kiriba kimelowa kupita kiasi hulalamika, "Huyu mmemvimbisha maji, mtamuua." Mbegu za mninga alikuwa ameziokota yeye na wenzake chini ya mninga mmoja uliobaki kilimani. Ni mbegu kaidi. Nyingi ziligoma kabisa kuota. Zile chache zilizokubali zilikuwa kama dhahabu kwao, na kwa kuwa mto na kisima cha kitalu hukauka kiangazi, waligawana miche ili kila nyumba itunze kasha lake.

"Mwanangu, utaweza kweli?" mama alikuwa amemuuliza siku ile ya kugawana. "Hali ya nyumba unaiona."

"Nitaweza, mama," alijibu mbiombio, kama kawaida yake.

Mwanzoni aliweza. Kisha ikaja Jumamosi moja ambayo Bibi Muuguzi alieleza tabia za mninga wakati wa kiangazi. Chapuchapu alikuwa amekesha na mapacha. Alikaa kwenye benchi, akaegemeza kichwa begani kwa rafiki yake, binti wa kinyozi, na usingizi ukamchukua. Alipozinduka watu walikuwa wanapiga makofi. Naye akapiga, tena kwa nguvu kuliko wote.

Baada ya hapo jua lilizidi kuwa kali. Jioni moja hakumwagilia. Alijiambia kuwa kesho atamwagilia mara mbili, lakini kesho ilikuja na nepi zake. Kesho kutwa pacha mmoja akapata homa, na yeye ndiye aliyebaki na mwenzake mgongoni. Alipokumbuka kasha na kukimbilia nyuma ya nyumba, alikuta majani yamekuwa ya njano. Akamwaga maji mengi huku akiomba msamaha kwa sauti ya chini. Haikusaidia kitu. Siku zilizofuata majani yote yalipukutika, vikabaki vijiti vikavu.

Aliketi chini akalia. Hakumwambia mama, kwa sababu mama mwenyewe alikuwa hoi. Hakumwambia baba pia. Aliyemwogopa zaidi ni Bibi Muuguzi, ambaye alikuwa amemkabidhi miche mbele ya watu wazima na kusema, "Huyu mdogo, lakini namwamini." Neno lile lilikuwa tamu mno, hakutaka kulipoteza.

Kando ya barabara ya kwenda shule ilipandwa mijohoro, miti ya kigeni inayokua upesi na kujiotea popote. Chini yake vichipukizi vilikuwa vimejaa tele. Majani yake yalijipanga pande mbili za kikonyo, na kwa jicho la haraka yalifanana na ya mninga mchanga. Chapuchapu alitazama huku na huku, akang'oa fungu zima, akalificha chini ya sweta.

Nyumbani alianza kung'oa vile vijiti na kupachika mijohoro badala yake. Vijiti vilimpa taabu. Ving'ang'anizi! Mizizi yake ilikuwa minene, haikutaka kutoka, na mingine ilikatikia mkononi ikimlowesha vidole. Akiwa amefika katikati ya kasha, mama akaita, "Chapuchapu! Njoo umshike mwenzio!" Akaenda. Usiku alikuwa amechoka mno hata kuinua mkono, na kesho yake vilevile. Nusu ya kasha ikabaki na vijiti vyake. Akaisogeza miche ya kijani upande wa mbele, vijiti akavificha nyuma.

Jumamosi iliyofuata, siku ya kukagua miche, baba alimbebea kasha hadi kitaluni, akaliweka kwenye mstari pamoja na mengine, kisha akaenda zake karakana. Chapuchapu alitazama makasha ya wenzake.

Yote yalikuwa na vijiti vitupu. Hakukuwa na jani hata moja.

"Yako imekauka!" alimnong'oneza binti wa kinyozi, aliyekuwa ameketi kando ya kasha lake akitafuna muwa bila wasiwasi wowote.

"Haijakauka, imelala," rafiki yake alijibu. "Kwani hukusikia? Bibi alisema kiangazi mninga unapukutisha majani, hata kishina kinakauka, ila mzizi uko hai chini. Mvua zikija unachipua upya. Tukaambiwa tunyunyize maji kidogo tu, yakizidi mzizi unaoza." Akaacha kutafuna. "Sasa wewe yako mbona ya kijani?"

Chapuchapu aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alitamani ardhi ipasuke.

Fundi cherehani, mama mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya mto, ndiye aliyeona kwanza. "Jamani njooni! Njooni muone kasha la huyu mtoto!" Watu wakasogea. Wengine wakashika vichwa. "Mkono wa baraka huu," akasema fundi cherehani. "Sisi watu wazima tumebaki na kuni, mtoto ana bustani. Bibi, hii ndiyo ya kutangulia kupandwa mtoni."

Bibi Muuguzi alivaa miwani, akainama, akashika jani moja na kulipapasa kwa kidole gumba. Kisha akamtazama Chapuchapu usoni.

"Haya, mjukuu wangu. Tueleze umeitunzaje, na sisi tujifunze."

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, tena mwepesi kabisa.

"Nadhani aliijaza maji asubuhi na jioni," fundi cherehani akamjibia. "Basi na mimi leo naanza. Yangu nitaimwagia ndoo nzima."

Hapo Chapuchapu akaona jambo lilivyokuwa kubwa. Akinyamaza tu, fundi cherehani ataozesha mininga yake, na wengine wataiga. Na ukingoni mwa mto itapandwa mijohoro ya barabarani, ile ile ambayo kikundi kizima kilikuwa kinahangaika kuing'oa kila ilipojiotea.

"Usimwage maji, mama!" alisema. "Hii si mininga. Ni mijohoro. Niling'oa barabarani nikapachika mimi mwenyewe. Nilisahau kumwagilia, majani yakaanguka, nikadhani nimeiua yote." Machozi yakamtoka. "Siku ile Bibi alipofundisha, mimi nilikuwa nimelala."

Fundi cherehani aliinamia kasha tena, akayachunguza majani. Binti wa kinyozi alisogea, akasimama karibu na rafiki yake.

"Ulipoing'oa," Bibi Muuguzi aliuliza polepole, "mizizi ilikuwaje?"

"Minene, Bibi. Ilikuwa na majimaji."

Bibi alishusha pumzi ndefu. Akapiga magoti, akavuta kiriba kimoja chenye kijiti kutoka nyuma ya kasha. Akafukua udongo kwa kidole, akakwaruza mzizi kidogo kwa ukucha. Ndani ulikuwa mbichi. "Huyu mzima," akasema. Akavuta kingine. "Huyu naye mzima." Akapitia vyote hadi cha mwisho, kama anavyozunguka daktari kitanda hadi kitanda, na vyote vilikuwa hai.

"Na hivi kwa nini hukuving'oa?"

"Nilichoka, Bibi."

Fundi cherehani aliangua kicheko, akajiziba mdomo kwa kanga. Hata Bibi alicheka kidogo. Kisha uso wake ukatulia.

"Nataka ulijue hili," alisema. "Kiu haikuua mche hata mmoja. Iliyokufa ni ile uliyoing'oa, na uliing'oa ili sisi tusijue."

Chapuchapu aliinamisha kichwa. Maneno hayo yalimuuma kuliko kiboko. Siku hiyo aling'oa mijohoro yote kwa mikono yake mwenyewe, na Bibi akamwambia kuwa mbegu za mninga zikikomaa atapanda naye kilimani kuokota nyingine, hadi vile viriba vitupu vijae. Hakunyang'anywa kasha. Binti wa kinyozi alijitolea kuja kumsaidia kunyunyiza.

Jioni Bibi Muuguzi alimsindikiza hadi nyumbani. Mama alisikiliza habari yote huku pacha mmoja akinyonya na mwingine akilia mapajani mwa baba.

"Ulichoka kiasi hicho, na hukuniambia?" mama aliuliza.

"Wewe umechoka zaidi, mama."

Mama alimvuta akae karibu naye. Baba alitazama sakafu.

"Nimefanya kazi wodini maisha yangu yote," Bibi Muuguzi alisema. "Kuchoka hakumfukuzishi mtu kazi. Muuguzi akisema amechoka, mwenzake humpokea zamu. Hatari ni yule anayejikaza na kuficha, halafu anampa mgonjwa dawa isiyo yake, na akikosea anaficha na hilo pia. Mjukuu wangu, ukichoka sema. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, maana mara nyingi kosa bado linatibika. Nanyi wazazi, mumsikilize akisema."

Baada ya muda mvua zilinyesha. Vijiti vilichipua majani mororo, na miche ikapandwa ukingoni mwa mto, ingawa kasha la Chapuchapu lilitoa michache kuliko makasha mengine yote. Mapacha waliendelea kupokezana kulia. Nepi hazikupungua.

Jioni moja mama aliita kutoka jikoni, "Chapuchapu! Ndoo!"

Msichana alinyanyuka, akashika mpini wa ndoo, kisha akauachia.

"Mama," alisema, "leo nimechoka."

Baba, aliyekuwa anasinzia kwenye kigoda, aliweka sahani chini, akajikung'uta vumbi la mbao, akachukua ndoo zote mbili. Aliporudi kutoka bombani alimkuta binti yake amelala fofofo mkekani, viatu vya shule vikiwa bado miguuni. Akamvua kimoja kimoja, polepole, asimwamshe.