Pistoni Iliyoomba Kupitishwa

Injini ilikuwa imezimwa, bomba la mafuta limefungwa, lakini geji ya joto iliendelea kupanda. Mhandisi akaigonga kwa ukucha. Ulikuwa mwaka wake wa nne tangu amalize shahada ya uhandisi wa mitambo, na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo kila siku: kufunga pistoni mpya kwenye injini ya majaribio, kuitesa saa mia, kisha kuandika imepita au imefeli.

"Fundi, njoo uone maajabu."

Fundi Mzee, aliyemfundisha kazi tangu kushika spana, alichungulia kupitia kioo cha chumba cha majaribio. Uso ukamshuka.

"Mwanangu, toka humo. Usiulize."

Ikaja harufu ya nywele zinazoungua. Kisha, ndani ya chuma kisichozunguka, mtu akapumua.

"Nipitishe," sauti ikasema, taratibu, kama mgonjwa anayeomba maji.

Fundi alimvuta hadi koridoni. "Vyuma hivi vimeyeyushwa kutoka magari ya ajali," alinong'ona. "Hiki kimekuja na mwenyewe aliyefia garini. Ukisaini tu, kinaingia barabarani."

"Na nisiposaini?"

"Tutabaki nacho."

Siku tatu alikula bila kuonja na kulala kwa vipande, na sauti ikamfuata kutoka chumba cha majaribio hadi chooni, hadi ndani ya basi, hadi jikoni kwa mama yake, ikibembeleza, ikilia, ikimwita mama kwa jina la utotoni ambalo yeye binti hakuwahi kulisikia, mpaka mama akaangusha sufuria na kuuliza kwa hofu, "Nani huyo ananiita?"

Hapo woga ukageuka hasira. Asubuhi, mbele ya Fundi, akaandika IMEFELI, akaing'oa pistoni, akaiweka kwenye mashine ya kuvunjia vyuma, akavuta mpini wa mashine. Pistoni ikapasuka kwa yowe la watu wengi. Fundi akaanguka chali.

Kimya. Harufu ikaisha. Mhandisi akapiga magoti, akimpepea mzee kwa karatasi za ripoti, machozi yakimtoka. "Fundi, kimetoka! Kimekwenda!"

Fundi alifumbua macho. Akainuka bila kushika ukuta, akampita kama hamjui, akaelekea uani kulikokuwa na lori la mizigo, ufunguo ukining'inia ndani. Akapanda.

Mhandisi alimkimbilia akiita. Maisha yake yote mzee yule hakuwahi kujifunza kuendesha gari.

Lori likageuka vizuri kabisa, likatoka getini, likashika njia ya mjini.